Safu ya mbele: wasichana walivyoingia kwenye kwaya za makanisa makuu ya Uingereza

Mweleze mtu aliyekulia kwenye kwaya za kwetu kwamba mwaka 1991 kanisa kuu moja la Uingereza lilikuwa gumzo kwa sababu wasichana 18 wamevishwa kanzu wakaimba ibada ya jioni. Kabla hujamaliza atakukatiza: "Sasa siku zote hizo sauti ya kwanza alikuwa anaimba nani?"

Ana haki ya kuuliza. Kwenye kwaya zetu, ziwe za Kianglikana, za Kilutheri au za Kikatoliki, wenye kwaya ni kina mama na wasichana. Anayetafutwa kwa tochi ni mwanamume wa kuimba besi, na akishapatikana anabembelezwa. Akichelewa mazoezi mwalimu wa kwaya anajifanya hakuona. Mimi mwenyewe nimeimba sauti ya tatu miaka kadhaa, na raha ya kuwa bidhaa adimu naijua.

Jibu la swali lake ni: wavulana. Watoto wa kiume wa kati ya miaka 8 na 13, ambao sauti zao hazijavunjika, ndio walioimba sauti ya kwanza kwenye makanisa makuu ya Uingereza kwa karne nyingi. Nyuma yao walisimama wanaume watu wazima wa tena (ndiyo sauti ya tatu) na besi. Hata sauti ya pili, ambayo kwetu ni ya kina mama bila mjadala, iliimbwa na mwanamume anayetumia sauti yake nyembamba ya juu, humwita kauntatena. Kwaya kamili ya sauti nne, na mwanamke hayumo hata mmoja.

Kabla sijaendelea, tuelewane majina. Nikisema Uingereza hapa nina maana ya England yenyewe, si Uskoti wala Wales, ambako mambo yalikwenda kivyake. Na kanisa kuu ni lile lenye kiti cha askofu. Westminster Abbey, wanakotawazwa wafalme, si kanisa kuu kwa maana hiyo, kwa sababu halina askofu, liko chini ya mfalme moja kwa moja. Kwaya ya King's College ya Cambridge, ile inayosikika redioni kila mkesha wa Krismasi, ni ya kanisa la chuo. Watu huzichanganya zote, na ndiyo maana mabishano kuhusu wasichana hayaishi: huyu anazungumzia Salisbury, kanisa kuu lile la 1991, yule anamjibu kwa mfano wa King's.

Kwaya ambayo ni kazi

Kinachotupoteza ni neno lenyewe, kwaya. Kwetu kwaya ni watu wa kujitolea. Mazoezi mara mbili kwa wiki, kuimba Jumapili, sare mnachangishana, mkipata mfadhili mnarekodi. Kwaya ya kanisa kuu la Uingereza ni ajira, na ukilielewa hilo nusu ya fumbo imeshafunguka.

Karibu kila jioni ya wiki, muhula wa shule unapokuwa unaendelea, makanisa hayo huimba Sala ya Jioni. Waanglikana wa Afrika Mashariki wanaijua kutoka kwenye Kitabu cha Sala, ingawa wengi wetu tumezoea kuisema kuliko kuiimba. Aliyeipa umbo ni Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, mwaka 1549. Alichukua sala mbili walizokuwa wakiziimba watawa, ile ya jua kuzama na ile ya kabla ya kulala, akazifanya moja. Kutoka ile ya kwanza akabakiza Wimbo wa Mariamu, kutoka ya pili Wimbo wa Simeoni. Katika kanisa kuu huimbwa zaburi za siku, nyimbo hizo mbili, majibizano ya padre na kwaya, kisha wimbo maalumu wa kwaya. Yote huchukua robo tatu ya saa hivi. Waumini wamekaa wanasikiliza. Kuna jioni za baridi ambapo waimbaji ni wengi kuliko wasikilizaji, na hakuna anayethubutu kufupisha.

Wanaume wa safu ya nyuma hulipwa fedha. Watoto wa safu ya mbele, kwa desturi ya makanisa ya kale, hulipwa kwa shule: wanasoma kwenye shule ya kanisa kwa ada iliyopunguzwa na wanafundishwa kupiga ala. Kwa upande wao, asubuhi kabla ya darasa wako mazoezini, masomo yakiisha wako mazoezini tena, halafu ibada. Krismasi wenzao wamekwenda nyumbani, wao wanabaki hadi ibada ya mwisho ya tarehe 25. Fedha za kuwalipia zilitoka kwenye mali za wakfu, mashamba na nyumba zilizowekwa na maaskofu na matajiri waliokufa zamani, na hati za wakfu huo zilitaja wavulana.

Kwa hiyo kumwingiza msichana hakukuwa jambo la kufungua mlango na kumwambia karibu. Ilibidi iamuliwe ni nafasi ya nani, kwa fedha ya nani, na siku zipi.

Tusidhani pia kwamba wavulana walikuwa wakidekezwa karne zote hizo. Mwanzoni mwa karne ya 19 wengi wao waliachwa bila elimu ya maana, huku mapato ya wakfu wao yakienda kwingine. Aliyewapigania alikuwa mwanamke, Maria Hackett, aliyeishi kuanzia 1783 hadi 1874. Alizunguka kanisa kuu moja hadi jingine akihoji wanakula nini, wanafundishwa nini, fedha ziko wapi, na akiwaandikia wakubwa wa makanisa barua zisizokwisha. Kwaya aliyoipigania maisha yake yote isingempokea.

Jioni ya tarehe 15

Ili kuelewa wanachobishania hasa, inabidi kuitazama kwa karibu kazi ambayo mtoto huifanya. Nitachukua zaburi, maana hapo ndipo kwaya nzuri na ya kawaida hutofautiana.

Kitabu cha Sala kimezigawa zaburi zote 150 katika mafungu 60, asubuhi na jioni kwa siku 30. Kanisa linalofuata mgawo huo wote humaliza Zaburi nzima kila mwezi. Fungu la jioni ya tarehe 15 lina Zaburi ya 78 peke yake, aya zaidi ya 70, kutoka kuvuka bahari hadi Daudi kutolewa kwenye zizi la kondoo. Wanakwaya wanaijua tarehe hiyo kama mwajiriwa anavyoijua tarehe ya mshahara, ila kwa hisia tofauti.

Zaburi hizo haziimbwi kwa mapigo. Kuna kipande kifupi cha muziki, akodi (noti kadhaa zinazoimbwa kwa pamoja) 10 au 20 tu, kinachorudiwa tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho. Aya moja ina maneno matano, inayofuata ina ishirini na matano, na zote lazima ziingie kwenye kipande kilekile. Wanafanyaje? Akodi ya kwanza inakaa inangoja, maneno yanapita juu yake kwa mwendo wa kusema, mpaka kwenye silabi iliyotiwa alama kitabuni. Hapo ndipo noti inahama. Hakuna anayehesabu moja, mbili, tatu. Watoto kumi na sita, wadogo wao wakiwa na miaka 8, wanatamka neno refu na neno fupi kwa pumzi moja na wanafunga konsonanti ya mwisho pamoja. Kisha upande wa pili unajibu, kwa sababu kwaya imegawanyika pande mbili zinazotazamana, dekani upande mmoja na kantorisi upande mwingine, kama watu walioketi kwenye kingo mbili za barabara.

Mazoezini kuna kajambo kadogo ambako mgeni hukaona bila kukaelewa. Mtoto anaimba, ghafla ananyanyua mkono kidogo na kuushusha, huku akiendelea kuimba. Haombi ruhusa ya kutoka. Anamwambia mwalimu: nimekosea, nimejua, usisimamishe kwaya kwa ajili yangu. Mtoto wa miaka 9 amefundishwa kusikia kosa lake mwenyewe kabla ya kuambiwa. Nimewahi kuimba na watu wa miaka 50 ambao hawajafika hapo.

Ujuzi wa namna hii haupatikani kwenye semina ya siku mbili. Unaingia kwa kurudia kila siku, miaka minne au mitano, mdogo akisimama ubavuni mwa mkubwa na kunyakua kwake bila kuambiwa. Ukweli huo uwekwe akilini, kwa sababu pande zote mbili za ubishi huutumia.

Kwa nini wavulana tu

Jibu la haraka ni Mtume Paulo: "Wanawake na wanyamaze katika kanisa." Aya hiyo ilitumika sana, lakini haimalizi habari, kwani Uingereza ya zama za kati ilikuwa na wanawake walioimba sala hizohizo kila siku. Walikuwa watawa. Katika monasteri ya wanawake ya Barking, mashariki mwa London, karne ya 14, mama mkuu Katherine of Sutton alipanga upya ibada ya Pasaka kwa namna ya mchezo, watawa wakaigiza na kuimba habari ya kaburi tupu. Wanawake wa Kiingereza walikuwa na mahali pao pa kuimba. Mfalme Henry VIII akazifunga monasteri zote kati ya 1536 na 1540, na mahali hapo pakatoweka. Makanisa makuu yakabaki, na wavulana wao.

Katikati ya karne ya 17, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, kwaya zote zilivunjwa. Ziliporudishwa mwaka 1660 zilirudishwa kwa sura ileile ya zamani. Baada ya hapo mazoea yakafanya kazi yake. Kitu kilichoanza kwa sababu ya sheria za mapadre na shule za wavulana kikazeeka, kikapendeza, hatimaye watu wakaamini kwamba sauti ya mvulana ndiyo sauti ya malaika na kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeichagua.

Kinachonichekesha ni Wimbo wa Mariamu. "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana" ni maneno ya msichana, wala si msichana mkubwa. Kila jioni, kwa zaidi ya miaka 400, yaliwekwa vinywani mwa wavulana na baba zao. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtunzi Charles Villiers Stanford aliutungia wimbo huo muziki ambao bado unapendwa sana, ule wa ufunguo wa G: kinanda kinazungusha noti nyepesi zisizotulia kama gurudumu la kusokotea nyuzi, na juu yake sauti moja ya mtoto inaimba peke yake, kana kwamba Mariamu yuko kazini nyumbani kwao na ujumbe wa malaika bado uko masikioni. Muziki mzima umejengwa juu ya picha ya binti, na aliyekusudiwa kuuimba ni mvulana.

Nani alikuwa wa kwanza

Utasoma kwamba Salisbury ndiyo ya kwanza, kisha utasoma kwamba Leicester ilikuwa na kwaya ya wasichana tangu 1974, na kwamba kanisa kuu la St Mary's la Edinburgh liliwaingiza wasichana mwaka 1978. Habari hizi hazipingani. Edinburgh iko Uskoti. Leicester ni kanisa la parokia lililopandishwa kuwa kanisa kuu mwaka 1927, kwa hiyo halikuwa na mzigo wa wakfu wa karne za kati. Salisbury ilikuwa habari kwa sababu ya kule ilikotoka. Shule yake ya wanakwaya inahesabu umri wake tangu 1091, wakati kanisa lilipokuwa bado kwenye kilima cha Old Sarum. Jengo la sasa lilianza kujengwa mwaka 1220 na mnara wake wa mita 123 ndio mrefu kuliko minara yote ya makanisa nchini. Hadi leo mvulana mpya anapoingizwa kwenye kwaya hugongeshwa kichwa, kwa upole, kwenye jiwe la ukutani, na jiwe hilo limebonyea kwa vichwa vya waliotangulia. Kanisa kama hilo likibadilika, mengine hayawezi kusema hayakuona.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Richard Seal, aliyekuwa hapo tangu 1968. Mwaka ambao shule ilikuwa inatimiza miaka 900 ya wavulana, akaanzisha kwaya ya pili. Oktoba 1991 wasichana 18 waliimba Sala ya Jioni yao ya kwanza.

Sikiliza neno hilo: ya pili. Hakuwachanganya na wavulana. Wasichana walikuwa na kwaya yao kamili na mazoezi yao, na siku zao za ibada ambazo nyuma yao wanasimama wanaume walewale wanaoimba na wavulana. Mfumo huo wa zamu ndio uliosambaa karibu kila mahali, na sababu zake si za dini hata kidogo.

Ya kwanza ni hofu ya kuwapoteza wavulana. Walimu wengi wa kwaya walikuwa wameona kwenye makanisa ya parokia kwamba wasichana wakiingia safu moja na wavulana, baada ya miaka michache wavulana wanatoweka. Mtoto wa kiume wa miaka 10 akishaona kuimba ni "mambo ya wasichana", humrudishi. Sisi ni ushahidi tosha. Tumekwisha kusema habari za besi wetu. Na mvulana wa leo ndiye mwimbaji wa tena wa 2035, kwa hiyo ukikausha chemchemi hiyo, safu ya nyuma nayo inakauka.

Ya pili ni uchovu. Familia nyingi zilikuwa zimeanza kuikwepa shule ya bweni kwa mtoto wa miaka 8, na ibada sita au saba kwa wiki ni mzigo. Kuwa na kwaya mbili kulimpa kila mtoto jioni za kupumzika. Jambo hili husemwa kwa sauti ndogo, lakini nadhani liliwashawishi wazazi kuliko hotuba zote za usawa.

Ya tatu ni kwamba mfumo wa zamu uliwaacha wakubwa wa kanisa waseme kwa ukweli kwamba hakuna aliyenyang'anywa kitu. Au karibu na ukweli.

Hoja za waliopinga, nzuri na mbovu

Mwaka 1996 iliundwa kampeni ya kuitetea kwaya ya jadi ya wanaume na wavulana. Baadhi ya waliyoyasema hayafai kupotezewa muda. Mawili yanafaa.

La kwanza ni sauti. Walidai sauti ya mvulana ina ung'avu ambao msichana hana, na muziki wa karne tano ulitungwa kwa ajili yake. Hili linaweza kupimwa, na limepimwa. Watafiti, wakiwemo David Howard na Graham Welch, walichukua rekodi za wavulana na za wasichana wa kanisa kuu la Wells, lililoanzisha kwaya ya wasichana mwaka 1994, wakawachezea wasikilizaji na kuwauliza: hawa ni nani? Wasikilizaji walipatia kidogo zaidi ya mtu anayebahatisha, na matokeo yalipanda na kushuka kutegemea wimbo. Maumbile yanaeleza sababu: kabla ya balehe koo la mvulana na la msichana halitofautiani sana. Tunachokiita sauti ya mvulana kwa sehemu kubwa ni mafunzo, jengo la mawe lenye mwangwi mrefu, na masikio yaliyokwisha kuambiwa yatarajie nini.

Ila kuna tahadhari ambayo watetezi wa wasichana huiruka. Si kila kwaya ya wasichana ina watoto wa umri uleule. Salisbury huwachukua wa umri sawa na wavulana. Canterbury ilipoanzisha kwaya yake Januari 2014 iliwachukua wasichana 16 wa miaka 12 hadi 16. Ely, tangu 2006, ina wasichana wa miaka 13 hadi 18. Msichana wa miaka 16 ana sauti nyingine kabisa, pana zaidi, na sauti za wasichana nazo hupita kwenye kipindi cha balehe cha kuwa na hewa nyingi kabla hazijatulia. Kuilinganisha kwaya ya Ely na wavulana wa miaka 10 halafu ukatangaza nani bora ni sawa na kulinganisha embe bivu na embe bichi. Mlaji wa kachumbari na mlaji wa matunda hawatakubaliana kamwe.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Kumbuka Zaburi ya 78. Ikiwa ujuzi huingia kwa kurudia kila siku, mtoto aliyeimba ibada sita kwa wiki sasa anaimba tatu, na kwa miaka mitano anapata nusu ya alichopata babu yake. Hapo wapinzani hawakukosea. Lakini hesabu hiyohiyo iligeuzwa kuwa silaha dhidi ya wasichana kwa njia ya ajabu: makanisa mengi yalipoanza yaliwapa jioni moja au mbili kwa wiki, kisha watu wakasema wasichana hawafikii kiwango cha wavulana.

Ratiba na mfuko

Kwa hiyo ukitaka kujua kanisa fulani linawathamini wasichana wake kwa kiasi gani, usisome taarifa kwa vyombo vya habari. Soma ratiba ya muziki. Nani anaimba Jumapili asubuhi? Mkesha wa Krismasi? Pasaka? BBC inapokuja kurusha Sala ya Jioni, kipindi ilichokianza mwaka 1926 na ambacho bado kipo kila wiki, nani anakuwa zamu? Makanisa kadhaa yalichukua miaka mingi kutoka "wasichana Jumatatu" hadi kugawana nusu kwa nusu.

Halafu fedha. Wakfu wa wavulana ulikuwepo. Wa wasichana ilibidi utafutwe. Salisbury ilifungua mfuko wake na kuomba michango, na wengine wakafuata. Pasipo na mfuko, wasichana walikuja kutoka shule za kawaida za mji, wakaimba baada ya masomo na kurudi nyumbani, bila punguzo la ada. Wengine huliona hilo kama uonevu. Mimi sina hakika. Mtoto wa shule ya serikali anayeimba nyimbo za Byrd na Tallis, watunzi wa karne ya 16, mara tatu kwa wiki kisha akalala kwao ni jambo jema, na huenda ndiko wavulana nao wanakoelekea. Lakini ukiwa na dada na kaka, huyu analipiwa shule na yule anapewa asante, watoto wanaona.

Baada ya Salisbury mkondo haukuzuilika. Ndani ya miaka kumi makanisa makuu mengi yalikuwa na wasichana. Takwimu za 2018 zilipotoka, kwenye makanisa makuu ya Uingereza wasichana walikuwa 739 na wavulana 737. Mwaka 2024 St Paul's ya London iliwaapisha wasichana wa kwanza kuwa wanakwaya kamili, baada ya karibu miaka 900 ya wavulana peke yao. Westminster Abbey na King's bado zina wavulana tu safu ya mbele.

Akifika miaka 13

Sehemu inayozungumzwa kidogo kuliko zote ndiyo ninayoiona ngumu kuliko zote: mtoto anakwenda wapi akimaliza?

Wa kiume ana njia iliyokanyagwa. Sauti inavunjika, siku hizi mapema zaidi. Wavulana wa mtunzi Bach kule Leipzig, Ujerumani, karne ya 18, waliweza kuimba sauti ya kwanza wakiwa na miaka 16 au 17, leo wengi hawavuki 13 au 14. Anapumzika kidogo, anarudi akiwa tena au besi, anapata ufadhili wa kuimba chuo kikuu, kisha anaomba kazi safu ya nyuma ya kanisa kuu. Kwaya ilimlea na kwaya inampokea.

Wa kike sauti yake haivunjiki kwa namna hiyo. Anaweza kuendelea, na ndicho kinachomfungia mlango: safu ya mbele ni ya watoto, na safu ya nyuma haihitaji soprano. Nafasi pekee iliyobaki kwake ni sauti ya pili, na hiyo ilikuwa ya makauntatena. Mwaka 2017 Carris Jones akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwa kudumu kwenye safu ya nyuma ya St Paul's, sauti ya pili. Makanisa mengine yamewapokea wanawake kabla au baada ya hapo, mmoja hapa, wawili pale. Kwenye kiti cha mwalimu wa kwaya, Katherine Dienes-Williams, mzaliwa wa New Zealand, alishika usukani wa muziki wa kanisa kuu la Guildford mwaka 2008, wa kwanza wa kike kushika cheo hicho katika kanisa kuu la Kianglikana nchini humo. Wasichana wa Salisbury wa 1991 sasa wamevuka miaka 40. Wangekuwa wavulana, baadhi yao wangekuwa ndio wakongwe wa safu ya nyuma.

Msomaji uliyeko Uingereza unaweza kwenda kujionea. Sala ya Jioni haina kiingilio, hata kwenye makanisa yanayowatoza watalii mlangoni. Salisbury huanza saa kumi na moja na nusu jioni siku za kawaida. Hakiki ratiba kwenye tovuti yao, na ukimwambia mhudumu umekuja kwa ibada, mara nyingi utakaribishwa ukae jirani kabisa na kwaya. Kwenye ratiba, kando ya kila siku, utaona imeandikwa wanaoimba ni akina nani: wasichana, wavulana, au wanaume peke yao. Chagua siku ya wasichana. Watapita mbele yako wawili wawili kwa kanzu za kijani, wengine hawafiki kiunoni mwa mtu wa nyuma yao. Kinanda kikinyamaza na zaburi ikaanza, hesabu wanawake waliosimama safu ya nyuma. Hutahitaji vidole vya mikono yote miwili.